Krismasi ya kutengeneza kwa mkono, Mtwara na Lindi: kazi za jua kwanza, kazi za hela baadaye

Huku Kusini Desemba haifai kwa kazi za mikono. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba yenyewe, na ikishaanza, kifuu hakikauki, ukili wa mikeka unaota ukungu, na gundi iliyoshika leo kesho imebanduka. Wakati huohuo korosho ziko mnadani, hela za wakulima zinaingia kwa awamu, na kila fundi cherehani kuanzia Mikindani hadi Masasi ana rundo la vitenge mezani kiasi cha kuogopa kupokea simu. Anayengoja Desemba ndipo aanze kufikiria zawadi huishia dukani, ananunua minyororo ileile ya kung'aa ambayo jirani yake ameinunua asubuhi.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kalenda. Kazi zinazohitaji jua na upepo wa kusi zinatangulia. Zinazohitaji subira, kama kufuma, zinaenda sambamba nazo jioni. Zinazohitaji hela, na vyakula vinavyoharibika, vinakuja mwisho. Ukiugeuza mpangilio huo utalipa zaidi, na bado kazi itakuwa mbovu.

Andika watu, vitu baadaye

Chukua daftari uandike majina ya watu unaotaka kuwapa kitu. Mbele ya kila jina weka neno moja tu: chakula, matumizi au pambo. Bibi aliyeko Newala hana haja na nyota ya ukutani, ana haja na kikapu imara cha kwenda nacho sokoni. Shemeji aliyehamia nyumba mpya Dar atafurahia vitambaa vya kochi. Watoto hawataki kitambaa cha mtu, wanataka kitu cha kuchezea na kitu cha kutafuna. Majirani, ambao kwetu wengi ni Waislamu, watapata sahani ya pilau siku yenyewe kama nasi tunavyopata yao siku ya Idi, na kichupa cha jamu pembeni kinaipa sahani heshima.

Orodha ikivuka watu kumi na tano, ikate. Waliobaki wape chakula, maana chungu kimoja cha kashata kinagawanyika kwa watu wengi, lakini kikapu kimoja ni cha mtu mmoja.

Agosti na Septemba: usitupe kitu

Malighafi nyingi za Krismasi zinapita jikoni kwako kila siku. Kila nazi unayoikuna inaacha vifuu viwili. Nyumba inayounga mboga kwa nazi kila siku, ikiweka vifuu badala ya kuvichochea motoni, ifikapo Oktoba ina vya kupamba sebule na kibaraza. Ndiyo maana huwezi kuanza Desemba: hutakula nazi thelathini kwa wiki moja.

Vitu vingine vya kuweka kwenye gunia moja ndani ya nyumba: makopo ya nyanya na ya maziwa ya unga, chupa za kioo zenye vifuniko vinavyokaza, chelewa ndefu zilizonyooka, na yale maganda marefu meusi yanayoanguka chini ya mkrismasi. Mti huo wenyewe utatoa maua mekundu Novemba na Desemba, ukiwa barabarani utauona kabla hujaona kanisa, lakini maganda ya mwaka uliopita unayaokota sasa. Yakiwa makavu, mbegu zinacheza ndani. Mpe mtoto mdogo moja umwone anavyoimba nalo.

Kengele za vifuu

Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote, na linafaa kuelezwa taratibu.

Nazi ina macho matatu, na moja kati ya hayo ni laini. Unapovunja nazi kwa mgongo wa panga, izungushe na kuigonga kwenye mstari wa katikati ili ipasuke sawa, nusu moja ibaki na macho yote. Nusu hiyo ndiyo kengele, kwa sababu tundu la kamba lipo tayari. Nusu ya pili, isiyo na macho, iweke kwa ajili ya kibakuli cha karanga au cha mshumaa.

Ukishakuna, kwangua nyama iliyobaki yote kwa kijiko. Ikibaki hata utando mwembamba, sisimizi watakuja kwanza na ukungu utafuata. Loweka kifuu usiku mmoja, asubuhi kisugue ndani kwa mchanga, kisha kianike kwa muda wa wiki nzima mdomo ukiangalia chini. Usikianike juu ya bati linalowaka jua la saa saba, kitapasuka. Weka kwenye uteo au kwenye jamvi mahali penye upepo.

Kikikauka, nje bado kina manyoya ya kumbi. Yakwangue kwa kisu butu kwanza. Kisha chukua msasa: anza na mkali, namba 80, uende 120, umalizie na 240. Hapa ndipo watu wanapochoka na kuacha, na hapa ndipo kifuu kinapopendeza. Kwa msasa wa kwanza kinakuwa kama kimepauka. Kwa ule wa mwisho rangi ya kahawia iliyokoza inatokea, na ndani yake vistari vyembamba vya rangi ya mchanga ambavyo hukuviona. Fanya kazi hii nje, tena ukiwa umefunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake linawasha koo.

Toboa jicho laini kwa msumari mwembamba, kutoka nje kwenda ndani. Pitisha uzi wa katani uliokunjwa mara mbili, ndani weka shanga au kipande kidogo cha mti ili fundo lisipenye, kisha uzi uendelee kushuka. Mwisho wa uzi funga nati ya chuma, zile ndogo zinazouzwa na wauza vifaa vya baiskeli. Nati iishie palepale kwenye ukingo wa kifuu. Ikikaa juu zaidi haigongi vizuri, ikishuka sana inaning'inia tu. Sauti utakayopata ni ya mti, "ko, ko", tofauti kabisa na kengele ya chuma, na upepo wa jioni unaitosha.

Mwisho, chovya kitambaa kwenye mafuta ya nazi, paka kidogo mno, acha siku mbili kabla ya kugusa tena. Wapo wanaopaka rangi ya dhahabu ya kupuliza. Sina ugomvi nao, ila ukishapaka hiyo, kazi yote ya msasa umeizika.

Miyaa, rangi na nyota

Sokoni Mtwara, Lindi na Kilwa utapata miyaa, yaani majani ya kusukia, ya aina mbili kuu. Ya milala ni minene na migumu, inafaa vikapu na majamvi. Ya ukindu ni laini na myembamba, inafaa mikeka ya ndani na mapambo madogo. Kwa Krismasi nunua ukindu. Ukipewa uliokatwa karibuni, uanike mpaka rangi ya kijani iishe na uwe mweupe wa maziwa ya unga, ndipo uuchane kwa ukucha au ncha ya sindano kuwa vipande vyenye upana sawa. Miyaa isiyo na upana sawa hutoa ukili uliopinda, na hakuna namna ya kuunyoosha baadaye.

Kutia rangi ni kazi ya asubuhi moja. Tafuta sufuria kuukuu ambayo hutapikia chakula tena. Chemsha maji, mimina rangi ya mikeka ile ya unga inayouzwa sokoni, ongeza chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote, kisha zamisha miyaa iliyoloweshwa kabla. Miyaa mikavu hushika rangi kwa mabaka. Acha ichemke taratibu kama dakika ishirini ukigeuza kwa kijiti. Toa, suuza mpaka maji yawe safi, na anika kivulini. Jua kali linaipausha rangi. Kwa nyumba moja rangi mbili zinatosha pamoja na weupe wa miyaa yenyewe. Nyekundu na kijani kila mtu anazo, mimi ningechukua zambarau na nyekundu, na sababu utaiona tukifika kwenye Majilio, zile wiki za kuingoja Krismasi.

Sasa nyota. Kata chelewa tano zenye urefu sawa, kama sentimita 25 kila moja, na uziloweke saa moja zisivunjike. Mtoto wa shule anajua kuchora nyota bila kuinua kalamu. Kila mstari anaouchora ni chelewa moja kwako. Funga ncha mbili kwa uzi upate umbo la V iliyogeuzwa. Kutoka mguu wa kulia panda na chelewa ya tatu kwenda juu kushoto, kutoka hapo lala na ya nne kwenda kulia, na ya tano ishuke kufunga mguu wa kushoto. Kabla hujafunga ncha ya mwisho, hakikisha kila chelewa inapita juu ya mwenzake mmoja na chini ya mwenzake mwingine, kwa zamu. Msukano huo ndio unaoishikilia nyota isijikunje. Funga na yale makutano matano ya ndani, kisha zungushia miyaa ya rangi kutoka ncha moja, ukikaza, mpaka chelewa zisionekane. Chomeka mwisho wa mwaa chini ya mizunguko mitatu ya mwisho, usitumie gundi.

Nyota kubwa ya mlangoni tumia fito nyembamba badala ya chelewa. Hatua ni zilezile.

Kama unataka vikapu vidogo vya kuwekea korosho na wewe si msukaji, usijaribu kujifunza kwa ajili ya Krismasi ya mwaka huu. Kusuka ukili, kisha kuushona mzunguko kwa mzunguko, ni ujuzi wa miaka. Nenda kwa bibi anayesuka mtaani kwako mwezi wa Septemba, umpelekee kipimo (chupa au kibakuli kitakachokaa ndani kinatosha), mkubaliane bei, na umwachie kishika uchumba. Yeye Krismasi pengine haimhusu, lakini hela ya kununulia miyaa inamhusu. Ukienda Desemba atakuambia miyaa imelowa, na atakuwa anasema kweli.

Neno moja kuhusu vitu vya pwani. Makombe matupu yaliyotupwa na maji ufukweni ni mapambo mazuri, lakini konokono hai na matumbawe yaache baharini. Na ukiwa Msimbati au popote ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, usiokote chochote bila kuuliza wenye hifadhi. Vilevile mpingo: usimtume mtu porini akakukatie kigogo. Wachongaji wana vipande vinavyobaki, omba au nunua hivyo, na hata kipande cha urefu wa kidole kikisuguliwa vizuri kinakuwa kishikio cha funguo cha kumpa baba mkwe.

Uzi na cherehani

Anayefuma anajua kwamba seti ya vitambaa vya kochi haimalizwi kwa wiki mbili. Anza Agosti, kidogo kila jioni, na umfumie mtu mmoja tu kwa mwaka. Foronya za kudarizi ni nafuu zaidi. Nunua kitambaa cheupe cha pamba, kifue kwanza kwa sababu kitarudi, chora ua au jina kwa penseli, darizi, na umpelekee fundi ashone pembeni.

Fundi mwenyewe mwahi mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni. Unamwendea kwa mambo mawili. La kwanza, kazi yako ndogo. La pili, na hili ndilo zuri zaidi, vile vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya meza yake. Mafundi wengi wanavitupa au wanavitumia kufutia mashine mafuta. Ukienda kwa adabu, na soda mkononi, utaondoka na mfuko mzima. Vipange kwa ukubwa ukifika nyumbani.

Vikubwa vinakuwa vifuko vya zawadi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na kifuko cha kitenge chenye kamba kinafaa kuliko karatasi ya kufungia ambayo inachanwa na kutupwa. Anayepewa atakitumia kubebea mahitaji mwaka mzima. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 50, kikunje katikati upande wa ndani ukiwa nje, shona pembeni mbili ukiacha vidole viwili wazi juu, kunja mdomo kupata njia ya kamba, shona, geuza, pitisha kamba. Kwa mkono ni jioni moja, kwa cherehani ni dakika chache.

Vya kati vinakuwa vishikio vya sufuria: tabaka mbili za kitenge na katikati kipande cha taulo kuukuu au blanketi. Usiweke kitambaa cha nailoni ndani, kinayeyuka kwenye sufuria ya moto. Vidogo kabisa vijaze kwenye wanasesere wa watoto, au uvifunge kwenye kamba ndefu kimoja kimoja, mafundo yakikaribiana, upate mnyororo wa rangi wa kuning'iniza ukutani. Kazi hiyo wape watoto. Mafundo yao yatapishana na hakuna atakayelalamika.

Jamu ya mabibo, msimu ukiwa umepamba moto

Oktoba na Novemba mabibo yanaoza chini ya mikorosho kwa matoroli. Watu wanachukua korosho, bibo lenyewe linaachwa au linaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Ni hasara, maana jamu yake ni zawadi ambayo ndugu aliyeko Arusha au Mwanza hawezi kuipata dukani kwake. Taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, hapo nje kidogo ya Mtwara, imekuwa ikifundisha vikundi kusindika mabibo, kwa hiyo ukiona mama anauza juisi yake usishangae.

Tatizo la bibo ni ukakasi, ule unaokausha ulimi. Unatolewa kwa chumvi na moto. Fanya hivi:

1. Okota au chuma mabibo yaliyoiva asubuhi na uyapike siku hiyohiyo. Bibo halingoji kesho. Chagua yasiyopondeka. Vaa nguo ya kazi, doa la bibo halitoki kwenye nguo hata ufanyeje.

2. Zungusha korosho itoke. Weka korosho mbichi pembeni, mbali na watoto. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na kubangua si kazi ya kufanyia jikoni kwa zawadi.

3. Osha, kata ncha zote mbili, toboa toboa kwa uma. Loweka kwenye maji yenye chumvi, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza mara mbili.

4. Chemsha kwenye maji mapya dakika kumi na tano hadi ishirini, mwaga maji hayo pia. Onja kipande. Ukakasi ukiwa bado mkali, rudia.

5. Ponda kwenye kinu kisafi au katakata kwa kisu mpaka iwe rojo. Pima. Kwa kilo moja ya rojo weka kilo moja ya sukari na maji ya ndimu mbili. Ndimu inasaidia jamu kushika na inakata utamu.

6. Pika kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuondoka, hasa ukipikia mkaa. Tone moja weka kwenye sahani baridi, lisukume kwa kidole: likijikunja, imeiva, likitiririka, endelea.

7. Chupa zako na vifuniko viwe vimechemshwa dakika kumi. Mimina jamu ingali ya moto, acha nafasi ndogo juu, funga palepale, na ugeuze chupa juu chini kwa dakika tano.

Andika tarehe kwenye karatasi na uibandike. Gundi ya dukani si lazima: uji mzito wa unga wa muhogo unashika karatasi vizuri sana, ilimradi uubandike siku yenye jua. Chupa iliyofunguliwa itunzwe kwenye friji. Isiyo na friji iliwe ndani ya siku chache, na kwa nyumba yenye watoto hilo si tatizo.

Majilio: shada na mishumaa

Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo shada linatakiwa liwe tayari kabla ya mapambo mengine yote. Kwenye parokia za Wakatoliki kama Ndanda, walikofika watawa Wabenediktini mwaka 1906, na kwenye makanisa mengi ya Anglikana kuanzia Masasi, ambako misheni ilianza 1876, utaliona kanisani. Nyumbani ni jambo dogo: mduara wa fito au chelewa nyingi zilizofungwa pamoja, majani mabichi yamesukwa juu yake, mishumaa minne.

Desturi ni mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu. Mishumaa ya rangi hizo ni adimu madukani kwetu. Chukua mishumaa meupe ya kawaida, na chini ya kila mmoja zungushia mwaa wa zambarau ulioutia rangi Septemba. Wa waridi zungushia kipande cha kitambaa. Mwaa ukae chini kabisa, vidole vitatu hivi, na mshumaa usiachwe uungue kuufikia. Simamisha kila mshumaa ndani ya nusu ya kifuu yenye mchanga, ile isiyo na macho tuliyoiweka pembeni. Miyaa mikavu na majani makavu yanashika moto haraka, hivyo badili majani kila wiki na usiache shada likiwaka mkienda kulala.

Makopo yale ya maziwa yanakuwa taa za kibarazani. Jaza kopo mchanga wenye unyevu, ushindilie mpaka juu, ndipo utoboe kwa msumari na nyundo ukifuata mchoro wa nyota ulioubandika nje. Bila mchanga kopo linabonyea kwa pigo la kwanza. Mwaga mchanga, bakiza kidogo chini, simika mshumaa mfupi. Kingo za matundu upande wa ndani ni kali, watoto wasiingize mikono.

Mzigo wa mbali uondoke mapema

Zawadi za Dar na mikoa mingine zitoke nyumbani kati ya tarehe 5 na 10 Desemba. Baada ya hapo mabasi yamejaa abiria wanaokuja na kwenda likizo, na kifurushi chako kitalala chini ya magunia. Chupa za jamu zifunge moja moja kwa vipande vya vitenge, kisha zipange ndani ya kikapu cha milala, si boksi tupu. Kikapu kinabonyea bila kuvunjika, na chenyewe ni zawadi. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji nje na karatasi nyingine ndani, chukua risiti, ipige picha umtumie.

Wiki ya mwisho

Korosho za kukaanga na kashata zingoje mpaka tarehe 20. Korosho iliyokaangwa ina mafuta, ikikaa wiki nyingi inachacha. Nunua zilizobanguliwa tayari. Kwa kashata chukua vipande, bei yake iko chini na hakuna atakayejua. Za kuweka kwenye vikapu chukua nzima. Kaanga kwa mafuta kidogo na moto mdogo, ukigeuza kila wakati, uziepue zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi kwa sababu zinaendelea kuiva nje ya moto. Nyunyiza chumvi, au chumvi na pilipili manga, zikiwa bado za moto. Zipoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo mvuke utazilainisha.

Kashata: yeyusha sukari kwenye sufuria kavu mpaka iwe ya rangi ya asali, tupa korosho zilizokaangwa ndani, koroga haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha na ukate ingali ya moto. Ikipoa utaivunja kwa nyundo. Sukari inavuta unyevu wa hewa, na Desemba yetu ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo kashata zikae kwenye chombo kinachofunga vizuri mpaka saa ya kugawa.

Mti wenyewe kwa wengi wetu ni tawi la mvinje. Omba kwa mwenye nao, na usikate ile iliyopandwa ufukweni kuzuia mmomonyoko. Likate tarehe 23, jioni, ulisimike kwenye ndoo ya mchanga uliolowa na mawe chini. Ukimwagia maji kidogo kila siku litapukutika taratibu. Ning'iniza kengele nzito karibu na shina, nyota na mafundo ya vitenge kwenye ncha. Mshumaa usiwekwe humo kabisa. Mvinje mkavu unawaka kama makuti. Taa ndogo za umeme ukiwa nazo weka, na uzichomoe mkitoka kwenda mkesha.

Baada ya sikukuu

Mapambo yabaki mpaka Epifania, tarehe 6 Januari, kisha yashushwe yote siku moja. Yanavyoshushwa yatakuwa yamevuta unyevu, na Januari mvua bado ipo, hivyo usiyafungie kabatini palepale. Yatandaze ndani ya nyumba penye upepo, ngoja siku yenye jua la kweli, yaanike saa chache asubuhi, ndipo uyapange. Nyota na minyororo ya vitenge iwekwe kwenye mfuko wa nguo pamoja na majani makavu ya mwarobaini, yanafukuza wadudu. Kengele za vifuu zipangwe moja ndani ya nyingine zikiwa na karatasi katikati. Chupa za jamu zinazorudi tupu zioshwe na kuwekwa na vifuniko vyake, na lile daftari la majina lifungiwe ndani ya boksi hilohilo, likiwa na alama mbele ya kila aliyepata.